Kupewa Amani: Habari za Walioanguka katika Kanisa la Carthage, 249–258

Katika barua za kale za Kanisa la Afrika ya Kaskazini, zilizoandikwa kwa Kilatini katika karne ya tatu, limo neno moja ambalo msomaji hulipita upesi, asijue uzito wake. Neno hilo ni pax, yaani amani. Wakristo wa Carthage, walipotaka kusema kwamba mkosaji amesamehewa na Kanisa, walisema mara nyingi kwamba amepewa amani. Aliyetengwa hakuwa na amani. Aliyerudishwa kwenye meza ya Bwana alikuwa amepokea amani. Na askofu aliyefanya haraka kumrudisha mtu alilaumiwa kwa kuwa ametoa amani kabla ya wakati wake.

Sisi katika Kiswahili tunayo maneno mengi kwa jambo hili, wala si yote yenye maana moja. Kusamehe, neno lililotoka katika Kiarabu, humtazama zaidi yule mwenye haki: yeye ndiye aachaye, kama mtu asameheye deni, na mdaiwa aweza kuwa mbali hata asipate habari. Kuwiana radhi ni jambo la watu wawili walio uso kwa uso, kila mmoja akimwambia mwenziwe, “Niwie radhi,” maana yake, uwe radhi kwangu. Kupatana ni neno letu la asili, na sokoni twalitumia hata kwa bei: wawili walisimama mbalimbali, kisha kila mmoja akasogea. Suluhu mara nyingi hutaka mtu wa tatu wa kuileta. Amani ya watu wa Carthage ilikuwa na sehemu ya hayo yote, na zaidi ya hayo ilikuwa kitu cha kutolewa mbele ya watu, kwa kuwekewa mikono na askofu na makasisi wake. Mtu alijua siku aliyoipokea.

Mwalimu yeyote aliyepata kushika orodha ya Wakristo waliozuiliwa Ushirika atafahamu kwa nini twataka kueleza habari hizi. Amani ile ilipiganiwa kwa hasira nyingi. Na hasira iliyokuwa kali kuliko zote haikuwa juu ya wale walioanguka, bali ilikuwa kati ya wale waliobishana jinsi ya kuwasamehe.

Jambo lilianza kwa amri ya Kaisari Decius, aliyeshika ufalme mwaka 249. Mwishoni mwa mwaka huo, au mwanzoni mwa 250, aliagiza kwamba watu wote wa Dola la Roma watoe sadaka kwa miungu, wamwage kinywaji, na kuonja nyama ya sadaka, mbele ya wajumbe waliowekwa kwa kazi hiyo. Aliyefanya hivyo alipewa cheti. Katika mchanga wa Misri vimeokotwa vyeti zaidi ya 40 vya namna hii, vilivyoandikwa kwa Kiyunani juu ya mafunjo, navyo ni vya mwaka 250. Vyote vyafanana karibu neno kwa neno, kama karatasi za serikali zilivyo siku zote: jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, kisha maneno ya kwamba siku zote amewatolea miungu sadaka, na sasa ametoa tena mbele ya wajumbe, naye aomba wathibitishe kwa mkono wao. Kimojawapo ni cha mwanamke aliyekuwa kuhani wa mungu mamba wa huko Fayum! Hata yeye alitakiwa cheti. Kwa hiyo twaona kwamba amri haikuwataja Wakristo peke yao, bali iliwashika wote katika wavu mmoja.

Katika Carthage anguko lilikuwa kubwa. Askofu wa mji, Cyprian, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno kabla ya kubatizwa, aliandika baadaye kwa uchungu jinsi watu wake walivyokimbilia hekalu la Capitol kabla hata ya kuitwa. Jinsi wengine walivyofika jioni, wakaambiwa na wakubwa warudi kesho, nao wakasihi wasicheleweshwe. Jinsi wazazi walivyochukua watoto wachanga mikononi mwao. Wako waliokula nyama ya sadaka, wako waliofukiza ubani tu, na wako ambao hawakufanya lolote ila kutoa fedha kwa siri ili wapewe cheti cha uongo. Hao wa mwisho walijiona safi, kwa maana mikono yao haikugusa madhabahu. Walakini majina yao yalikuwa katika karatasi.

Cyprian mwenyewe hakuwapo. Mapema mwaka 250 alitoka mjini akajificha, akaongoza Kanisa lake kwa barua. Aliona kwamba akikamatwa yeye, ghadhabu ya watu itawaangukia wote. Lakini wengi hawakuelewa hivyo, na makasisi wa Roma, ambao askofu wao Fabian alikuwa amekufa kwa ajili ya imani tarehe 20 Januari mwaka ule ule, waliandika barua yenye fumbo juu ya mchungaji akimbiaye kundi. Tena walikuwako Carthage makasisi watano ambao hawakutaka tangu mwanzo awe askofu, kwa sababu alikuwa mgeni katika imani, naye akapandishwa mbele yao. Kinyongo hicho kilikuwa kimekaa kama moto chini ya majivu. Sasa kilipata kuni.

Kuni zilikuwa hizi. Ilikuwa desturi katika Afrika kwamba Mkristo aliyefungwa kwa ajili ya jina la Kristo, na hasa yule aliyekaribia kufa, aweza kumwombea mkosaji, na Kanisa liyapokee maombi yake kwa heshima. Watu hao twawaita waungamadini. Basi walioanguka wakaenda magerezani kwa wingi, wakalia, wakaomba barua za amani, wakazipata. Mwanzoni barua zilimtaja mtu kwa jina. Hatimaye zikawa za kumpokea fulani pamoja na watu wake, na Cyprian akauliza, kwa haki, hao watu wake ni watu 20, au 30, au zaidi? Mwisho Lucianus, mmoja wa waungamadini, alitangaza kwa jina la wenzake wote kwamba wamewapa amani walioanguka wote. Lililobaki kwa askofu ni kutii.

Hapa msomaji wa Kilatini huona jambo ambalo wenyewe hawakulitaja. Cheti cha serikali, kilichoshuhudia kwamba mtu ametoa sadaka kwa miungu, kiliitwa libellus. Na barua ya muungamadini, iliyoshuhudia kwamba mtu huyo huyo asamehewe, iliitwa pia libellus. Alikana kwa karatasi, akataka kurudi kwa karatasi.

Walakini tusiwacheke waungamadini upesi. Ziko barua mbili zilizohifadhiwa pamoja na za Cyprian, moja ya Celerinus, aliyeteswa huko Roma, na moja ya Lucianus aliyemjibu kutoka gereza la Carthage. Celerinus aeleza kwamba dada zake wawili wameanguka, naye amelia usiku na mchana, hata siku za furaha ya Pasaka zikapita kwake katika machozi. Mmoja wa wanawake hao hakutoa sadaka. Alitoa fedha ili asitoe, akafika njiani akateremka tena. Na tangu hapo, asema, wanawake hawa wamewashukia bandarini wakimbizi wa Carthage, wakawaleta mjini na kuwahudumia watu 65. Aomba kwamba yeyote kati ya wafungwa atakayetangulia kufa awaachilie dhambi hiyo. Lucianus ajibu kutoka mahali ambapo yeye na wenzake wamefungiwa katika vyumba viwili, wafe kwa njaa, kiu na joto. Mtu aliye katika hali hiyo, akiombwa amani, ainyimeje? Cyprian mwenyewe, ingawa alimlaumu Lucianus kuwa ana bidii kuliko elimu, alimheshimu Celerinus, hata akamfanya msomaji katika Kanisa.

Jibu la Cyprian lilikuwa: ngojeni. Amani ya Kanisa iliyovunjwa na wengi hairudishwi na mmoja kwa mmoja, gizani, huku askofu hayupo na mateso hayajakwisha. Maaskofu na wakutane, makasisi na watu wawepo, kila jambo lisikilizwe. Maneno hayo yalikuwa ya haki, lakini yaliwafikia watu wenye majuto kama maneno baridi. Yeye akatambua, maana ilipoingia majira ya joto ya mwaka 250, yenye maradhi mengi, aliandika kwamba wenye barua za waungamadini wakiwa katika hatari ya kufa wasingoje. Kasisi awawekee mikono, na kasisi asipopatikana, hata shemasi. Mlango ukafunguliwa kidogo. Watu watano wale, pamoja na mtu mmoja aitwaye Felicissimus, walitaka ufunguliwe wote, nao wakaufungua upande wao, wakajitenga.

Baada ya Pasaka ya mwaka 251 Cyprian alirudi, na maaskofu wa Afrika wakakutana. Shauri lao lilikuwa la kati. Walionunua cheti bila kutoa sadaka wapokewe, kila mmoja baada ya kuulizwa habari yake. Waliotoa sadaka wakae katika toba, na wapewe amani saa ya kufa. Cyprian alipolieleza shauri hili kwa askofu mmoja mwenye mashaka aliandika mambo ambayo twaona yafaa kusomwa na kila mtu atakaye kuhukumu kesi ya mwenziwe. Yeye hakubali kuhesabu dhambi zote kuwa sawasawa, kama walivyofanya wenye falsafa wa Stoa. Yuko mtu, asema, aliyerukia madhabahu kwa hiari yake. Yuko mwingine aliyeshindana muda mrefu akafikishwa kwa nguvu. Yuko aliyejitoa pamoja na jamaa yake yote. Yuko mwingine aliyeingia peke yake katika hatari kwa niaba ya wote, akamkinga mkewe, na wanawe, na nyumba nzima. Mtu huyu wa mwisho twamjua. Amekana, na amekana kwa sababu ya upendo. Na Kanisa halina budi kusema yote mawili juu yake.

Huko Roma ghadhabu ilielekea upande mwingine. Cornelius alichaguliwa kuwa askofu mwaka 251, naye alikuwa tayari kuwapokea waliotubu. Lakini kasisi Novatian, mtu msomi, alisema Kanisa halina ruhusa ya kumpa amani aliyekana, hata saa ya kufa, bali aachwe kwa Mungu. Akapata maaskofu watatu wa kumwekea mikono, akawa askofu wa pili katika mji mmoja. Tena ajabu kubwa: mshauri wake mmoja alikuwa Novatus, kasisi wa Carthage, yule yule aliyekuwa pamoja na Felicissimus katika kutaka wote wapokewe mara moja! Kule Carthage alimpinga askofu kwa kuwa ni mkali mno, na Roma akampinga askofu kwa kuwa ni mpole mno. Cyprian asimulia mambo ya kutisha juu ya Novatus, ya baba yake na ya mkewe. Lakini aliyaandika kwa kalamu ya moto, nasi hatuyapokei yote bila kupima. Safari yake peke yake yatosha kutuonyesha kwamba mtu mwenye hasira huweza kushika mafundisho yoyote yaliyo karibu na mkono wake.

Cornelius aeleza pia, katika barua iliyohifadhiwa na Eusebius, kwamba Novatian alipowapa watu mkate wa Ushirika aliishika mikono yao kwa mikono yake miwili, asiwaachilie mpaka waape kwa mwili na damu ya Bwana kwamba hawatarudi kwa Cornelius. Huyu ni adui akimsimulia adui, lakini hata likiwa na chumvi, jambo lenyewe laonyesha waliloliogopa: kwamba mkate wa amani waweza kugeuzwa kifungo cha uadui. Barua hiyo hiyo yasema kwamba mmoja wa wale maaskofu watatu alirudi akilia na kuungama, naye akapokewa kama mlei.

Ni katika miaka hii Cyprian alipoandika kitabu chake juu ya Sala ya Bwana. Alipofika penye ombi la kusamehewa alifundisha kwamba Mungu haipokei sadaka ya mtu mwenye ugomvi, bali amrudisha kutoka madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Katika kitabu chake juu ya umoja wa Kanisa alikuwa amesema neno gumu kuliko hilo: kwamba hata damu ya shahidi haiisafishi dhambi ya faraka. Wakristo wa mashariki walikuwa na kisa chao cha fundisho hilo, cha Antioch, wakati wa Kaisari Valerian, nacho hukumbukwa tarehe 9 Februari. Kasisi Sapricius na rafiki yake Nicephorus waligombana. Nicephorus alituma watu kuomba radhi mara tatu, kisha akaenda mwenyewe akaanguka miguuni pake, asisamehewe. Sapricius akakamatwa, akavumilia mateso bila kukana. Na alipokuwa akipelekwa kuuawa Nicephorus alimkimbilia njiani akimsihi, naye hakumtazama. Penye upanga moyo ukamwisha Sapricius, akakubali kutoa sadaka, na Nicephorus akasimama mahali pake akakatwa kichwa. Wataalamu wengi huihesabu kuwa hadithi ya mafundisho kuliko tarehe. Hata hivyo walioitunga walijua vema kwamba mtu aweza kustahimili mijeledi asiweze kustahimili kumwambia mwenziwe neno moja.

Turudi Carthage. Tauni iliingia mjini mwaka 252, na habari za mateso mapya zikasikika. Mwaka 253, au kama wengine wahesabuvyo 252, maaskofu 42 waliandika Roma kwamba wamebadili shauri: wote waliokaa katika toba bila kuliacha Kanisa wapewe amani sasa, wasingoje saa ya kufa. Sababu yao ni nzuri sana. Tutawaambiaje watu wamwage damu yao kwa ajili ya Kristo, walisema, tukiwanyima damu ya Kristo? Kipindi cha toba hakikusahauliwa. Wako watatu ambao walimkiri Kristo kwanza, kisha wakashindwa na mateso makali, na Cyprian alipoulizwa juu yao alitaja kwamba wameomboleza miaka mitatu. Aliona yatosha.

Iko kesi moja ndogo ambayo twaipenda kuliko nyingine zote. Askofu Therapius alimpa amani kasisi mmoja, Victor, kabla hajatimiza toba yake, wala watu hawakuombwa shauri. Jambo likaletwa mbele ya baraza la maaskofu 66. Wakamkemea Therapius waziwazi kwa kuvunja utaratibu. Na Victor? Hakurudishwa nje. Amani iliyokwisha kutolewa na kuhani wa Mungu, kwa namna yoyote ilivyotolewa, waliona haifai kuondolewa. Sheria yao walikuwa wameipigania miaka mitatu na zaidi, hata Kanisa likapasuka kwa ajili yake. Lakini ilipogongana na mtu mmoja aliyekwisha kuketi mezani, walimkemea aliyevunja sheria, wakamwacha mtu aketi.

Ingalikuwa vizuri kama habari zingeishia hapo. Lakini Cyprian alikuwa na mtihani wake mwenyewe, nao ulikuja miaka ya 255 na 256, alipobishana na Stephen, askofu wa Roma, kama waliobatizwa na wafarakano wabatizwe tena wanapoingia Kanisani. Waafrika walisema ndiyo. Stephen alisema wawekewe mikono tu. Makanisa ya baadaye yalikubali kwamba katika shina la jambo Stephen alikuwa karibu zaidi na haki. Lakini namna yake! Firmilian, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, aliandika kwamba Stephen alikataa hata kuonana na wajumbe wa Afrika, akawaagiza watu wake wasiwape mahali pa kulala, na kumwita Cyprian Kristo wa uongo. Barua ya Firmilian nayo si ya upole. Kila mstari una mwiba.

Cyprian alipokuwa katikati ya ugomvi huo aliandika kitabu juu ya uvumilivu, akakipeleka kwa askofu mwenziwe pamoja na barua ya mabishano. Twadhani alikuwa akijihubiri mwenyewe. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu wa Afrika, ambao kura zao zimeandikwa 87, walikutana Carthage. Cyprian alifungua baraza kwa kusema kwamba kila mmoja atoe maoni yake, wala hawatamhukumu mtu yeyote, wala kumtenga na Ushirika kwa kuwa ana maoni mengine. Kisha wote wakapiga kura upande wake. Hakubadili maoni, wala hakumfukuza mtu. Zaidi ya miaka 140 baadaye, wafuasi wa Donatus walipojisifu kwamba Cyprian ni wao kwa sababu ya ubatizo wa pili, Augustine wa Hippo aliwajibu kwa neno hili hili: chukueni basi na upendo wake, maana alikosea katika hoja akakaa katika umoja.

Stephen alikufa mwaka 257. Mwaka huo huo Cyprian alipelekwa uhamishoni Curubis, na tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa karibu na Carthage, akiisha kuagiza watu wake wampe mwuaji vipande 25 vya dhahabu. Hakuna barua iliyobaki ya kutuonyesha kwamba wawili hao walipatana. Lakini katika kitabu kilichoandikwa Roma mwaka 354 zimo orodha mbili, moja ya maaskofu wa mji na siku zao za kuzikwa, na moja ya mashahidi. Katika ya kwanza limo jina la Stephen, tarehe 2 Agosti, katika makaburi ya Callistus. Katika ya pili limo jina la Cyprian wa Afrika, tarehe 14 Septemba, na mahali ambapo Warumi walikutana kuadhimisha siku yake pametajwa: katika makaburi ya Callistus.